Kwanza nionyeshe pishi yako

Mtu akiniletea ripoti ya polima (dutu ya molekuli ndefu kama minyororo) iliyoandikwa "uzito wa molekuli: 84,217", swali langu la kwanza ni moja: umepima kwa pishi gani? Wengi hunitazama kama nimechanganyikiwa. Programu ya mashine ya kupimia imeshatoa jibu mpaka tarakimu ya mwisho, pishi ya nini tena?

Muuza nafaka angenielewa upesi. Pishi hupima nafasi. Ijaze mchele, kisha ijaze dagaa wakavu, uone kama mizani itasema kitu kimoja. Kolamu ya kromatografia, lile bomba tunalopitishia polima iliyoyeyushwa ili minyororo itengane kwa ukubwa, ndivyo ilivyo. Ndani yake mna punje zenye vitundu. Mnyororo mkubwa haupenyi, kwa hiyo hutoka mapema, na mdogo huzurura kila kitundu ukachelewa. Kinachopimwa ni nafasi inayochukuliwa na mnyororo ukiwa umevimba ndani ya kiyeyusho. Uzito tunaupata kwa kulinganisha, mara nyingi na polistairini ambayo uzito wake unajulikana. Mtindo huu umeenea tangu John Moore wa kampuni ya Dow alipoieleza njia hiyo mwaka 1964.

Sasa chukua polilaktidi, ile plastiki ya printa za 3D na nyuzi za kushonea vidonda. Ukiipima ndani ya tetrahidrofurani kwa pishi ya polistairini, wataalamu huzidisha wastani wa idadi (jumla ya uzito ikigawanywa kwa idadi ya minyororo) kwa takriban 0.58 ili waukaribie ukweli. Ile 84,217 inashuka chini ya 49,000! Hiyo si tofauti ya kufumbia macho. Dawa yake ipo tangu 1967, Henri Benoit na wenzake wa Strasbourg walipoonyesha kwamba ukizidisha uzito kwa mnato asilia (kadiri polima inavyokifanya kiyeyusho kiwe kizito kutiririka), polima za aina nyingi hukaa kwenye mstari mmoja. Programu nyingi zina sehemu ya kujaza namba hizo za mnato. Ukiiacha tupu, basi andika kwenye ripoti "kwa kulinganisha na polistairini". Ni maneno manne tu, na bado watu huyaona mzigo.

Kinachoniudhi zaidi ni uchaguzi wa mstari wenyewe, ule unaounganisha wakati wa kutoka na uzito wa sampuli za kiwango, zile ambazo uzito wake unajulikana. Programu hukuuliza: polinomiali (mlinganyo wa kuchora mstari huo) ya ngazi ya kwanza, ya tatu, ya tano? Kijana huchagua ya tano kwa sababu inapita karibu kabisa na kila nukta na R² (alama ya jinsi mstari unavyolingana na nukta, 1 ikiwa ndiyo kamili) inasoma 0.9999. Ukiwa na sampuli nane za kiwango, mstari wa namna hiyo unaweza kuyumba katikati ya nukta kama mlevi, na nje ya nukta ya mwisho ukaenda unakotaka. Mimi huanza na ya tatu, kisha natazama kila nukta imekosea kwa asilimia ngapi. R² siiangalii kabisa.

Halafu kuna pampu inayosukuma kiyeyusho kwenye kolamu. Kuna mwaka polilaktidi yetu ilishuka kutoka 84,000 hadi 71,000 ndani ya wiki mbili. Plastiki hii huvunjwa na maji, kwa hiyo tukaanza kulaumu unyevu wa ghala, na barua zikaandikwa. Siku moja nikatazama kilele cha toluini, ile tunayoitia kwenye kila sampuli iwe alama ya mwendo. Kilikuwa kimechelewa sekunde 12 katika dakika 20. Asilimia moja tu! Lakini kipimo chetu ni cha logi, kila hatua ni uzito mara kumi: kwenye kolamu zetu mbili, kila mililita ya kiyeyusho iliyotoka ilibeba karibu 0.45 ya hatua hiyo, na sampuli ilitoka kwenye mililita ya 16. Asilimia moja ya hapo ni mililita 0.16, na uzito unapungua kama asilimia 15. Piga hesabu, utafika 71,000.

Tulibadilisha sili ya pampu iliyokuwa ikivuja, tukapitisha viwango upya. Kisha nikawapigia watu wa ghala kuwaambia unyevu wao hauna kosa.