Maiti Anayeruka na Muuza Mchele

Wapo watu ambao wakisikia filamu moja ina mizimu, ngumi na vichekesho, hawaigusi. Wanaona aliyeitengeneza hakujua anataka nini. Mimi ndizo ninazozitafuta, na anayeniuliza sababu namwambia aangalie Mr. Vampire, filamu ya Hong Kong ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Ricky Lau na kutayarishwa na Sammo Hung. Sinema za ngumi za Hong Kong zilijaa kwenye vibanda vyetu vya video, lakini hili tawi lake la maiti wanaoruka, kati ya watu ninaozungumza nao habari za filamu, ni wachache mno wanaolijua.

Maiti mwenyewe huitwa jiangshi. Amekakamaa, mikono imenyooka mbele, kavaa joho la ofisa wa enzi za nasaba ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, na anaruka kwa miguu yote miwili kwa sababu viungo havikunjiki. Anakufuata kwa pumzi zako, ukizibana, anakupita. Ukimbandika kwenye paji la uso karatasi ya njano iliyoandikwa na kasisi wa Kitao, dini ya jadi ya Wachina, anaganda palepale. Mambo ya mizimu hapa yana kanuni zake, tena kanuni kali, na ni binadamu ndiye anayeshindwa kuzifuata.

Tazama kisa kinavyokwenda. Tajiri mmoja anataka kumfukua baba yake aliyezikwa miaka 20 iliyopita ili amzike upya, maana mambo ya familia hayaendi. Kaburi linafunguliwa, maiti hajaoza. Kumbe marehemu alipokuwa hai alimdhulumu mwaguzi eneo lile la kuzikia, na mwaguzi akalipiza kisasi kwa kumwelekeza namna mbovu ya kuzikwa. Yaani chanzo cha balaa lote ni mgogoro wa kiwanja!

Jeneza linapelekwa kwa kasisi. Anawaagiza wanafunzi wake wawili walipige mistari kwa uzi wa seremala uliolowekwa wino uliochanganywa na damu ya kuku, ili maiti asitoke. Wanapiga juu, wanapiga ubavuni, wanasahau chini. Basi, usiku huohuo maiti yuko nje. Baadaye mwanafunzi mmoja anajeruhiwa na sumu ya maiti inaanza kumwingia. Dawa yake ni mchele wa kunata, na lazima uwe huo tu. Mwenzake anatumwa dukani, na muuzaji, kwa tamaa yake, anauchanganya na mchele wa kawaida. Mgonjwa anaukanyagakanyaga kwa imani yote huku hali yake ikizidi kuharibika.

Hapo nacheka na kuogopa kwa pumzi moja. Aliyewahi kuuziwa mchele wa Kyela akafika nyumbani akakuta umechanganywa anamjua yule muuzaji vizuri kabisa. Na Sammo Hung alikuwa ameshalifanya jambo hilohilo miaka 5 kabla, katika Encounters of the Spooky Kind ya 1980 aliyoiongoza na kuicheza mwenyewe: mtu anaambiwa amtupie maiti mayai ya kuku kila akitaka kuinuka, na muuza mayai anamchanganyia ya bata. La bata likitua, maiti huyoo anasimama.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema vichekesho huwekwa kwenye filamu hizi ili kupoza hofu. Havipozi kitu. Uzembe uleule unaokuchekesha ndio unaomfungulia maiti mlango. Ukiutoa mzaha, hadithi yenyewe inakufa, kwa sababu hakuna tena aliyesahau chini ya jeneza.

Lakini yote haya yanasimama kwa sababu ya mtu mmoja, Lam Ching-ying, aliyecheza kasisi. Alisomea opera ya Kichina, michezo ya jukwaani yenye nyimbo na sarakasi, tangu utotoni na akafanya kazi na Bruce Lee kwenye mapigano ya filamu, kwa hiyo mwili wake hauna hatua iliyopotea. Uso haucheki kamwe. Kuna pale tajiri anapomwalika kunywa kahawa ya Kizungu. Kahawa na maziwa vinaletwa mbalimbali, naye hajui vinanywewaje. Anatazama, anaiga, anaitunza heshima yake. Mtu anayejua kila kitu kuhusu wafu anashindwa na kikombe, na bado humdharau hata kidogo. Waigizaji wengi wangebinua macho pale ili tucheke zaidi. Yeye hakufanya hivyo, na ndiyo maana akishika upanga wake wa mbao baadaye unamwamini.

Alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 44. Filamu nilizoziona za kumwiga zinakosea palepale: zinamfanya kasisi naye kuwa mchekeshaji, na hapo hakuna wa kumwogopa maiti kwa niaba yetu. Anayetaka kuanza aanze na ile ya 1985, tena kwa Kikantoni, lugha yake ya asili, chenye maandishi ya tafsiri chini, ausikie ule ukali wa sauti ya kasisi anapowagombeza wale wanafunzi.