Nipeni Francesco Nullo, mnipe na miamba yake

Kila toleo jipya la gemu yetu ya manowari likikaribia, ugomvi ni uleule: taifa gani liongezewe meli gani. Wapenzi wa Italia wanataka kubwa, kisha kubwa zaidi, hata zile zilizoishia kwenye karatasi za wahandisi bila kulowa maji. Ombi langu ni dogo, na kila nikilitaja kwenye kikundi chetu cha WhatsApp hutumiwa vikaragosi vya kucheka. Nataka destroya moja kuukuu ya mizinga minne, iliyoshindwa vita na kufia kando ya kisiwa ambacho wengi wetu hatujapata kukisikia. Jina lake Francesco Nullo.

Kwa msiocheza: destroya ni manowari nyembamba ya mbio. Haina ngao ya maana. Kazi yake ni kulinda misafara ya meli za mizigo au kuishambulia, na silaha yake ya kuogopwa ni topido, bomu linalojiendesha chini ya maji mpaka ubavuni mwa meli. Kwenye gemu, anayechukua destroya ni mtu wa kuvizia. Hujificha nyuma ya kisiwa, akatupa topido zake, akajifunika moshi, akatoweka. Akionekana mapema, kwisha kazi.

Nullo ilijengwa Fiume, mji ambao leo ni Rijeka wa Kroatia, ikashushwa majini mwaka 1925. Urefu wake takriban mita 90. Ilikuwa na mizinga minne ya milimita 120, miwili mbele na miwili nyuma, na mirija sita ya topido za milimita 533. Ikiwa mpya ilihesabiwa kufika maili 35 za baharini kwa saa. Miaka 15 baadaye, kwa mashine zilizochoka na joto la Bahari ya Shamu, hesabu hiyo ilikuwa ya kwenye vitabu tu. Mizinga yake nayo ilikuwa na ila iliyozoeleka kwa Waitaliano wa enzi hizo: mitutu miwili ililazwa kwenye kitanda kimoja, imebanana, kwa hiyo makombora mawili yaliyoondoka pamoja yalisumbuana njiani na kutawanyika. Mlengaji angeweza kupiga hesabu sawasawa na bado akakosa.

Zilikuwa nne za aina moja: Nazario Sauro, Cesare Battisti, Daniele Manin na hii Nullo. Kwa namba za gemu, ukileta moja umeleta zote, na najua kuna atakayeniambia, "Si nipe tu Sauro, tofauti iko wapi?" Tofauti iko kwenye yaliyoipata. Ndiyo maana nang'ang'ania jina.

Na jina lenyewe lina kisa. Francesco Nullo alikuwa mtu wa mji wa Bergamo, Italia, mmoja wa wale elfu waliomfuata Garibaldi, mpiganiaji wa umoja wa Italia, mwaka 1860. Italia ilipoanza kuungana hakwenda kupumzika. Mwaka 1863 Wapolandi waliinuka dhidi ya utawala wa Urusi, naye akaenda kuwasaidia, akauawa hukohuko Mei mwaka huo. Mtu aliyekufa kwa ajili ya uhuru wa watu ambao hata lugha yao si yake. Jina lake likapakwa kwenye manowari, na manowari ikaja kulinda koloni la Italia huko Massawa, bandari ya Eritrea ambayo majeshi ya Mussolini yalipitia mwaka 1935 kwenda kuivamia Uhabeshi na kuwamwagia watu wake gesi ya sumu. Sijui marehemu angesema nini.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sileti ombi hili kwa mapenzi ya wale waliokuwa wakiiendesha. Wazee wetu wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walitembea kutoka Kenya kwenda kupigana nao mwaka 1941, Somalia mpaka Uhabeshi, na vita hivyo vya nchi kavu tumevisimuliwa. Vya baharini, juu kidogo tu ya Pembe ya Afrika, hatukusimuliwa. Na gemu zenyewe zina tabia ya kukupeleka Pasifiki na Norwei mpaka uchoke, kana kwamba upande huu wa dunia maji yalikuwa ya kuogea.

Tazama hali ilivyokuwa. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Massawa kulikuwa na destroya saba na nyambizi nane, na mlango wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Hakuna mafuta mapya wala vipuri. Kila tone lililochomwa lilikuwa limekwenda. Nyambizi zilianza kuumia hata kabla ya adui kuzifikia: gesi ya mashine za kupooza hewa ilivuja na kuwadhuru mabaharia waliojifungia ndani, na moja, Macallé, ikapanda mwamba mwezi huohuo. Bahari ile ina namna yake ya kupigana.

Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Oktoba, destroya nne zilitoka kuuwinda msafara ulioitwa BN 7, meli 32 zikipanda kutoka Bahari ya Hindi kuelekea Suez. Ulilindwa na kruza (manowari kubwa kuliko destroya) Leander ya New Zealand, destroya ya Kiingereza Kimberley, na manowari nyingine ndogondogo. Waitaliano waliufikia gizani baada ya usiku wa manane, wakarusha topido, zote zikakosa. Hakuna meli hata moja ya mizigo iliyozama. Katika kukimbizana huko usukani wa Nullo ukakwama. Hebu waza: giza, adui nyuma, na chombo chako kinazunguka duara kama kuku aliyekatwa kichwa. Walipoutengeneza, wenzao walikuwa wamekwenda.

Alfajiri Kimberley ikaiona. Kimberley ilikuwa na mizinga sita, haijatimiza hata mwaka mmoja kazini, na tayari ilikuwa imepigana Narvik, kule Norwei. Mpambano wa haki haukuwa. Nullo ikakimbilia kisiwa cha Harmil, kwenye visiwa vya Dahlak mbele ya Massawa, kwa sababu pale Waitaliano walikuwa na mizinga ya pwani. Ilipigwa njiani, ikapigwa tena, na karibu na kisiwa ikamalizwa kwa topido. Lakini yule mwindaji naye alikuwa amesogea mno. Kombora kutoka Harmil liliingia kwenye chumba cha mashine cha Kimberley, ikasimama palepale, ikielea mbele ya mizinga ya nchi kavu, mpaka Leander ilipokuja kuifunga kamba na kuiburuta hadi Port Sudan.

Hapo ndipo ninapotaka gemu inipeleke. Sijapata kuona pambano halisi lililojipanga kama ramani ya gemu namna ile. Mmoja ana nguvu lakini akisogea anaingia kwenye mdomo wa kisiwa. Mwingine dhaifu, lakini akifika anakotaka anageuka kuwa chambo. Haihitaji kubuni kitu.

Sasa niseme la miamba, maana ndilo lililonifanya nikae niandike.

Mjomba wangu mmoja alikuwa mvuvi upande wa Shimoni. Nikiwa na miaka kumi hivi alinikalisha omo ya ngalawa akanifundisha kusoma rangi. Maji meusi, pita. Ya kijani, kuna mchanga chini, angalia kupwa kwa maji. Ukiona kahawia, kama chai iliyomwagika, huo ni mwamba, na mwamba hauombi radhi. Kisha akaniambia neno ambalo sikulielewa mpaka tulipotoka alfajiri moja: jua likiwa chini na liko usoni mwako, rangi zote hufutika, bahari nzima inakuwa bati. Asubuhi ile alisimama wima na pondo mkononi, akipima, hasemi na mtu. Mimi nilikuwa nataka kuongea. Akaninyooshea kidole nikanyamaza.

Kwenye gemu yangu ya sasa kina kifupi kimechorwa kwa mstari safi pembeni ya skrini. Unajua pa kupita hata ukiwa umesinzia, na ukigusa kisiwa meli inagota, unarudi nyuma, unaendelea na safari. Hakuna anayepweleka. Hii kwangu ni dosari kubwa kuliko kukosa meli yoyote, na Dahlak ndiyo mahali pa kuirekebisha, kwa sababu pale hata ramani za wenyewe zilikuwa na mapengo. Tarehe 1 Aprili 1941, Leone, destroya kubwa kuliko Nullo, ilitoka Massawa kwenda kushambulia Suez na ikapanda mwamba usiokuwa kwenye ramani. Moto ukazuka, ikabidi wenzake waiache. Manowari ya mizinga minane iliuawa na jiwe.

Basi ombi langu lina vipande viwili visivyoachana. Leteni Nullo katika daraja la chini kabisa linaloistahili, kwa namba zake za kweli: kombora lenye nguvu ya kutosha, mtawanyiko wa kuudhi, topido sita na basi. Msiipe dawa ya kujiponya ya uongo ili iuzike. Na ileteni pamoja na ramani ya Harmil, alfajiri, isiyo na mistari ya kina. Mchezaji asome rangi ya maji. Anayeelekea mashariki jua lichomozapo apate bati, kama sisi siku ile. Mizinga ya kisiwani ishikwe na mchezaji halisi, asiyeweza kwenda popote. Najua wengi watamkimbia mtu huyo kwa kudhani kazi yake ni ya kuchosha, mpaka siku watakayoona Kimberley imekatiza mbele yao, imesimama, haina mvuke.

Usukani wa kukwama, hapana. Rafiki yangu mmoja alipendekeza uwekwe uwe unakwama wenyewe mara mojamoja, eti kwa uhalisia. Nilimkatalia. Kushindwa kwa sababu kompyuta imerusha shilingi ni kero tu. Mwamba ni tofauti: ulikuwapo, ungeuona, hukuangalia.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Nani atanunua meli iliyoshindwa? Watu hulipia ushindi. Mtu akirudi kazini saa moja usiku, bando lenyewe la kubana, seva iko Ulaya na kila amri inachelewa kufika, hataki kwenda kufa karibu na Eritrea. Kweli. Ila mimi nimecheza na meli kubwa za kulipia nikashinda mara nyingi, na leo sikumbuki hata pambano moja. Ninayoyakumbuka ni ya kukimbia na uhai mdogo, mzinga mmoja unafanya kazi, kisiwa kiko mbele na sijui kama nitafika.

Na ndani ya Nullo kulikuwa na watu. Nahodha wake, Costantino Borsini, hakutoka melini. Mhudumu wake, baharia Vincenzo Ciaravolo, alikwisha kuokoka; alipoona mkubwa wake amebaki, akarudi, wakazama wote wawili. Italia iliwapa medali ya dhahabu ya ushujaa, na mpaka leo jeshi lake la majini lina meli ya doria iitwayo Comandante Borsini. Vita waliyopigana ilikuwa mbaya. Bado nikisoma habari ya Ciaravolo huwa nasimama kidogo. Wanaotengeneza gemu wana kawaida ya kuweka aya fupi chini ya picha ya kila meli. Hapa wasijaze uzito na mwendo peke yake. Waweke Bergamo, Poland, Massawa na baharia aliyerudi.

Waliobaki hawakudumu. Wahenga wa pwani husema tezi na omo, marejeo ni ngamani, lakini kwa destroya zile ngama yenyewe ilikuwa inawaka moto. Aprili 3, Manin na Sauro zilizamishwa na ndege za Swordfish zilizoruka kutoka Port Sudan. Battisti, Pantera na Tigre zikaenda kujizamisha pwani ya Uarabuni. Tarehe 8 Massawa ikaanguka.

Kwenye kikundi wameniuliza: ramani hiyo ikija kweli, nitachukua upande gani? Nullo nitaiachia yule anayenicheka zaidi. Mimi mara ya kwanza nataka Kimberley, nione kama kwa mafunzo yote ya mjomba nitajua pa kuacha kumfukuza.