Wiki Mbili za Mheshimiwa

Naandika haya nikiwa nimekalia stuli sebuleni, karibu na mlango wa choo, kwa sababu chumba nilichokuwa nakiita ofisi kimepata mpangaji. Kodi halipi. Ana joto lake, jua lake, mvua yake na saa zake za kulala, na mimi nikitaka kuchukua kalamu yangu mle ndani napiga hodi. Mpangaji mwenyewe ni mjusi.

Mke wangu hataki nimwite mjusi. Anasema ni iguana. Jirani yeye anamwita kenge, na kila tukikutana anacheka kidogo na kusema, "Ndiyo maana wakasema, kwenye msafara wa mamba na kenge wamo." Nimemweleza mpaka sauti imekauka: kenge anakula nyama na ulimi wake una ncha mbili kama wa nyoka, huyu anakula majani, ulimi wake ni mnene, na kwao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Jirani ananisikiliza kwa adabu hadi mwisho, halafu ananiuliza kenge anaendeleaje.

Aliyemleta ni shemeji. Shemeji yangu hajawahi kuja kwangu mikono mitupu, na mimi sijawahi kufurahia alicholeta. Jioni ile alishuka na tangi la samaki lililofunikwa shuka, jasho linamtoka, akaliweka juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akasema, "Shem, nihifadhie huyu wiki mbili tu." Mwenye mnyama alikuwa amehama, akamwachia rafiki, rafiki akamwachia shemeji, na shemeji, kama kawaida yake, akanikumbuka mimi.

Huu ni mwezi wa 14.

Nilipofunua shuka nilikuta kitu kimejikunja kona kwa kona, maana tangi lilikuwa fupi kuliko yeye. Rangi yake ilikuwa ya sufuria la zamani. Mkia ulikuwa umekatika nchani, kidole kimoja cha nyuma hakipo, na vilivyobaki vilikuwa vikitetemeka kama vya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Chini yake kulikuwa na jiwe la umeme la kumpasha moto, na tumbo lilikuwa na alama za kuungua. Pembeni, bakuli la chakula cha mbwa. Sasa mimi sikuwa najua lolote kuhusu wanyama hawa, lakini hata mimi nilijua huyu si mbwa.

Jina la Mheshimiwa alipewa na watoto siku ya tatu, kwa sababu kila anapoombwa kitu anatikisa kichwa kukubali na hakuna anachofanya.

Daktari wa kwanza wa wanyama niliyempelekea alizoea ng'ombe. Alimtazama Mheshimiwa, akanitazama mimi, akaniuliza nina uhakika ni mzima. Wa pili alikuwa anawajua wanyama watambaao, na huyo ndiye aliyeniharibia maisha. Alimfungua mdomo taratibu, akabonyeza taya kwa kidole, nami kwa macho yangu nikaliona taya linabonyea kama ndala. Mimi nikataka kutia moyo. Nikasema, "Lakini daktari, mapaja amenona."

Daktari aliniangalia kama mimi ndiye niliyempa chakula cha mbwa. Akaniambia yale si manono. Mifupa imekosa kalsiamu, imelainika, na mwili umejaza nyuzinyuzi kuizunguka ili ishikilie, ndiyo maana mapaja yamevimba. Kutetemeka nako ni kalsiamu. Halafu akaja kwenye jua. Huyu mnyama hata umpe kalsiamu kwa ndoo, bila mionzi ya UVB, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ngozi yake haitengenezi vitamini D3 ya kutosha, na bila D3 kalsiamu inapita tu tumboni kama abiria aliyekosea basi. Hayo ya basi ni maneno yangu. Daktari hakuwa na utani.

Nikamwambia kwa kujiamini kwamba jua analo, nimemweka dirishani.

"Dirisha liko wazi?"

"Lina kioo."

Akashusha pumzi. Kumbe kioo cha kawaida kinazuia mionzi hiyo karibu yote. Siku zote nilizokuwa najisifu kwa jirani kwamba mjusi wangu anaota jua, alikuwa anaangalia mandhari.

Tukaondoka na maji ya kalsiamu ya kumdondoshea mdomoni, kipimo kulingana na uzito, uzito upimwe kila wiki. Mizani ya jikoni ikahamia kwangu. Mke wangu aliidai siku mbili, siku ya tatu alipoona kilichopimwa juu yake akasema ibaki huko huko. Kumpa dawa ilikuwa kazi ya watu wawili na nyumba ilikuwa na mtu mmoja aliyekubali. Unamfunga taulo kama mtoto anayechanjwa, unangoja afungue mdomo, naye anafumba macho. Si usingizi. Anafumba ili wewe usiwepo.

Na kula akagoma. Siku sita. Nilimpa spinachi, daktari akasema spinachi ina vitu vinavyoikamata kalsiamu isitumike. Nikampa letusi, akasema hiyo ni maji yenye umbo la jani. Nikaambiwa majani ya kijani kibichi yenye kalsiamu nyingi, kama sukuma wiki, yakatwe membamba, na asubuhi, akishapata joto, kwa sababu asipopata joto hata alichokula hakisagiki. Basi mimi, mtu ambaye katika ndoa yangu yote sijawahi kushika kisu cha mboga, nikawa naamka kabla ya saa 12 kukata majani kama uzi. Siku ya kwanza mke wangu alinikuta jikoni. Alisimama mlangoni. Hakusema neno. Kimya kile bado hakijaisha. Mpaka leo kuna nyakati tunakula na ninakisikia.

Siku ya saba nilichuma ua la haibiskasi, jekundu, nikaliweka mbele yake nikageuza uso, maana nilishajifunza kwamba ukimwangalia hali. Nikasikia sauti ndogo, krwap. Nilipochungulia, petali moja ilikuwa inaning'inia kwenye lile taya lake lililopinda, na alikuwa ananitazama kwa jicho moja kama mtu aliyekutwa stoo. Nilitoka nje kuwaambia watoto. Jirani akanisikia. Akauliza nani amekula. Nikasema Mheshimiwa. Akasema hiyo si habari mpya.

Sasa tuje kwenye taa, maana hapa ndipo ninapoumia. Taa ziko mbili. Moja ya joto, ya kumfanya pale anapoota pafike nyuzijoto 35 hadi 38, na lazima joto litoke juu kama jua, si chini kama lile jiwe, kwa sababu tumbo lake halimwambii upesi kwamba linaungua. Ya pili ni ya UVB. Hii ya pili ni tapeli. Inawaka vizuri, inaangaza chumba chote, halafu baada ya miezi, mara nyingi kati ya 6 na 12, unaambiwa uibadilishe. Kwa nini? Mionzi imeisha. Lakini inawaka! Ndiyo, inawaka, ila mionzi imeisha. Mimi nimelelewa na mzee aliyekuwa anawasha mshumaa kwenye kipande cha mshumaa. Leo nitupe taa inayowaka? Niliitoa kwa Mheshimiwa, nikaifunga chooni. Sasa choo chetu kina mwanga wa chumba cha upasuaji, na wageni wanatoka humo wamefinya macho.

Halafu kizimba. Mwanzo daktari alikataza kabisa asipande juu, kwa sababu mifupa ile ikianguka inavunjika. Akakaa miezi kwenye boksi pana, matawi ya chini, taulo sakafuni. Taya likaanza kukaza. Mgongo haukunyooka na hautanyooka. Mfupa ukishapinda ukakauka ndiyo basi. Ila kutetemeka kuliisha, na asubuhi moja nilimkuta juu ya kabati langu la mafaili, amejinyoosha, mikono imening'inia kama mtu kwenye foleni ya benki. Daktari akasema sasa anahitaji nyumba.

Nikamwita fundi seremala. Fundi akachomoa penseli sikioni.

"Kizimba cha mbwa, mzee?"

"Cha mjusi."

"Sawa. Sentimita ngapi?"

"Mita 2 kwenda juu. Upana mita 2 na nusu. Kina mita 1 na nusu."

Penseli ikarudi sikioni. "Mzee, huyo mjusi anaoa?"

Nikamweleza kwamba madume wazima wanaweza kufika mita 1.5 na zaidi pamoja na mkia, na kwamba wao ni watu wa juu ya miti, kwa hiyo urefu wa kwenda juu ndio muhimu. Kwamba mbao zipakwe vanishi isiyopitisha maji, kwa sababu hewa ya mle ndani inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 60 hadi 80. Kwamba kati ya mnyama na taa ya UVB pasiwe na kioo. Kwamba taa ya joto izungushiwe wavu asijibabue. Kwamba matawi yawe manene kama mwili wake. Fundi alisikiliza yote, akaangalia chumba, akaangalia dari ya sebule yetu inayovuja, akasema, "Hiki nikimaliza nitakuja na familia."

Kilipokwisha, ofisi ilibaki nafasi ya mtu kusimama upande. Ndiyo nikahamia kwenye stuli.

Maji ndiyo yaliyogombanisha nyumba. Alipokuja alikuwa na ngozi ya zamani iliyogandia vidoleni kama pete. Pete hizo zikibaki zinakaza, damu haifiki, kidole kinakufa; ndicho kilichomponza kile kimoja. Dawa yake ni kumlowesha kwenye maji ya vuguvugu na kuiondoa taratibu ikilainika, bila kuvuta. Nikachukua beseni. Sikuuliza beseni ni la nani. Mheshimiwa akaingia, akatulia, akaogelea kidogo, watoto wakapiga makofi, halafu akafanya mle ndani jambo ambalo wenzake wote hufanya wakiguswa na maji ya vuguvugu. Beseni lile sasa limeandikwa jina lake kwa rangi isiyofutika, mikono tunaosha kwa sabuni kama madaktari kwa sababu wanyama hawa hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila wao kuumwa, na jikoni haruhusiwi kupita hata kwa kubebwa.

Kingine nilichojifunza kwa gharama ya mkono wangu: ana jicho la tatu. Sitanii. Liko utosini, kama tone dogo la rangi hafifu. Halioni sura, linaona mwanga na kivuli, ili mwewe akipita juu apate habari. Kwa hiyo ukimjia kwa juu, wewe ni mwewe. Mimi nilimjia kwa juu na shati la mikono mifupi. Mkia wake, huo huo uliokatika, ulinipata kwenye kigimbi cha mkono nikakumbuka shule ya msingi, darasa, dawati na kosa lenyewe. Sasa namjia kwa ubavu, polepole, nikiongea. Namsomea habari. Siku za mwanzo nilifurahi sana, kila nikimaliza habari anatikisa kichwa, nikasema hatimaye nyumba hii nimepata mtu tunayekubaliana. Daktari akanieleza kwamba kule kutikisa kichwa na kushusha ile ngozi ya kidevuni maana yake ni: hapa ni kwangu, ondoka.

Na kupiga chafya je? Anatoa chumvi ya ziada kupitia puani. Inaruka majimaji, inakauka nyeupe. Miwani yangu ina madoa kama imepakwa chokaa.

Watu wananiuliza kwa nini nisimwachie tu nje, si mnyama wa porini. Huko Florida, Marekani, wamejaa waliotokana na hao walioachiwa na kutoroka, na Januari 2020 watabiri wa hali ya hewa walilazimika kuwaonya wananchi kwamba usiku wa baridi wajihadhari na iguana wanaoanguka kutoka mitini. Wanaganda, wanadondoka. Mimi na jirani hatuhitaji mada nyingine ya kuongelea.

Jumapili iliyopita shemeji akaja. Mikono mitupu, nikajua kuna jambo. Akasema, "Shem, furaha! Nimempata mtu wa kumchukua." Nikauliza ni nani. Akasema jamaa mmoja, anapenda sana wanyama. Nikauliza daktari wa spinachi anamjua. Akasema nani? Nikauliza taa ya UVB anayo.

"Taa ya nini, shem? Ana dirisha kubwa hilo, jua linaingia kutwa."

"Lina kioo?"

"Kioo safi kabisa."

Nikamwangalia. Nyuma yangu taima ikalia, tk, saa 12 kamili jioni, taa za Mheshimiwa zikazima, na mle ndani tukamsikia anavuta kucha kwenye tawi, anapanda juu kabisa anakolala. Nikavuta mlango wa ofisi polepole, usipige kelele, nikamwambia shemeji arudi baadaye. Wiki mbili hazijaisha.