Elfu na mia tano iliyogeuka moja: anayeanza Perl asaidiweje?

Binti mmoja wa uhasibu, katika chama cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja, aliniletea skripti, yaani programu fupi, ya lugha ya Perl yenye mistari kumi na mmoja na lalamiko la mstari mmoja: "Kaka, jumla haiji sawa." Skripti aliirithi kwa mtu aliyehama ofisi. Kazi yake ni kusoma faili la miamala ya simu linalopakuliwa kila jioni na kujumlisha michango ya wanachama. Tulilipunguza faili mpaka ikabaki miamala minne: 1,500.00, 850.00, 12,000.00 na 300.00. Kikokotoo kilisema shilingi 14,650. Perl ikasema 1,163.

Ingetoka sifuri, angeshtuka siku ya kwanza. Lakini 1,163 inafanana na pesa, na ndiyo maana skripti ile ilikuwa imekula wiki kadhaa bila mtu kuigusa.

Sisi tunaoulizwa maswali ya namna hii tumegawanyika, na mgawanyiko wenyewe ni wa zamani kuliko wengi wa wanaouliza. Wapo wanaosema mpe mstari unaofanya kazi aende akafunge hesabu zake. Wapo wanaosema ukimpa mstari leo atarudi kesho, kwa hiyo mwonyeshe nyaraka zilipo, akasome. Mimi nimekaa pande zote mbili, mara nyingi kulingana na saa ya siku na kama nimeshakula.

Kwanza kosa lenyewe, maana bila kulielewa ubishi huu unakuwa wa hewani. Kila mstari wa faili ulikuwa hivi:

12/03/2024,Rehema Juma,"1,500.00",Imelipwa

Aliyeandika skripti alianza kwa kufuta alama za kunukuu, nadhani zilimkera tu, kisha akaukata mstari kwa `split /,/` na kuchukua kipande cha tatu. Sasa, zile alama za kunukuu ndizo pekee zilizokuwa zikieleza kwamba mkato ulio ndani ya 1,500.00 ni sehemu ya kiasi. Ukizifuta, Perl inakata palepale: kipande cha tatu kinakuwa 1, cha nne 500.00. Elfu kumi na mbili inakuwa 12. Kiasi kisichofika elfu moja hakina mkato, kwa hiyo 850 na 300 zinapita salama. Jumlisha 1, 850, 12 na 300, unapata 1,163 kamili.

Wanaosema "akasome" wana hoja nzito hapa. Perl haikumwacha mtu huyu gizani. Ukiandika `perldoc -f split` unapata maelezo ya `split` hapohapo kwenye kompyuta yako, bila intaneti, mradi nyaraka zimesakinishwa. Ukifungua `perldoc perlfaq4`, sehemu ya nne kati ya tisa za maswali yaulizwayo mara kwa mara, utakuta swali hilihili: nikate vipi maandishi kwa alama fulani isipokuwa pale ilipo ndani ya alama za kunukuu? Mtu aliyechoka kujibu jambo lile lile kwa miaka ishirini ana haki ya kunyoosha kidole kuelekea huko.

Isitoshe, historia ya lugha yenyewe iko upande wao. Mwaka 1995 Mmarekani Matt Wright alianza kugawa bure skripti za Perl za tovuti. Maarufu kuliko zote ilikuwa FormMail, iliyochukua alichojaza mgeni kwenye fomu na kukituma kwa barua pepe. Watu wasiojua hata neno moja la Perl waliinakili, wakabadilisha mistari miwili mitatu, ikafanya kazi. Tatizo ni kwamba anwani ya mpokeaji ilitoka kwenye fomu yenyewe, na watuma barua taka wakagundua kwamba wanaweza kuzigeuza seva za watu mitambo yao ya kutuma barua taka. Baadaye kikundi cha watumiaji wa Perl cha London kilikaa kikaandika skripti mbadala zilizo salama, mradi ulioitwa nms, na Wright mwenyewe akawaelekeza watu huko. Msimbo ulionakiliwa bila kueleweka uliendelea kuishi kwenye seva muda mrefu baada ya aliyeuandika kuujua ubovu wake. Tena aliyeutoa hakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Upande wa pili sasa. Huyu binti si mwandishi wa programu na hana mpango wa kuwa. Ni mhasibu, na saa kumi na moja jioni mwenyekiti anataka ripoti. Watu kama yeye si wavamizi katika nyumba ya Perl. Larry Wall alipoitoa Perl ya kwanza, tarehe 18 Desemba 1987, kusudi lake lilikuwa kurahisisha kazi ya kuchambua maandishi na kutoa ripoti. Ripoti! Ni Wall huyohuyo aliyetangaza, kwa utani wenye ukweli ndani yake, kwamba sifa kuu tatu za mwandishi wa programu ni uvivu, kukosa subira na majivuno. Anayeanza anayeomba jibu lililopikwa tayari ameshatimiza mbili za kwanza; sijui kwa nini tunamgombeza.

Kisha kuna suala la lugha, ambalo wanaosema "kasome" huwa hawalioni kwa sababu haliwagusi. Nyaraka hizo ni za Kiingereza, tena Kiingereza cha watu wanaotaniana. Kwa msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya Kiswahili na lugha ya nyumbani kwao, ukurasa wa `perlfaq4` si jibu la dakika tano. Atauelewa, sikatai, lakini atauelewa usiku, baada ya kazi, akiwa na kamusi. Neno "akasome" lina bei tofauti kwa kila anayeambiwa.

Kwa hiyo siku ile nilimpa mstari. Naeleza kilichofuata kwa sababu kimenibadilisha kuliko hoja zote hapo juu.

Seva yao haikuruhusu kusakinisha kitu bila idhini ya msimamizi, na msimamizi alikuwa safarini. Nikatumia Text::ParseWords, moduli (msimbo ulioandikwa tayari wa kuazima) inayokuja na Perl yenyewe. Ina `quotewords`, inayokata kwa mkato na kuheshimu alama za kunukuu. Nikaongeza `tr/,//d` kuondoa mkato ndani ya kiasi, tukaijaribu kwa ile miamala minne, ikatoka 14,650. Akashukuru, nikajisikia bingwa.

Keshokutwa yake akapiga simu. Sasa jumla ilikuwa karibu na kweli, ila michango ya wanachama watatu haimo. Alikuwa amewaorodhesha kwa mkono: wote majina yao yana ng'. Ng'wandu, na wengine wawili wa ukoo wa namna hiyo.

Ikabidi nicheke kwanza. `quotewords` huihesabu alama moja ya juu kuwa alama ya kunukuu sawasawa na zile mbili. Ikikutana na Ng'wandu inadhani nukuu imefunguliwa, inatafuta pa kuifungia, inapakosa, na badala ya kupiga kelele inarudisha orodha tupu. Kiasi kinakuwa hakipo, na kisichokuwepo kikijumlishwa ni sifuri. Msukuma mzima amefutwa kwenye hesabu kwa sababu ya herufi moja ya jina lake. Nilikuwa naijua tabia hiyo ya moduli. Nilishindwa tu kukumbuka kwamba faili hili ni la Tanzania.

Na kulikuwa na aibu ya ziada. Skripti ile ya kurithi haikuwa na `use strict` wala `use warnings`, mistari miwili ya kuiamuru Perl ibane uzembe na kutoa maonyo, ambayo kila mjuzi wa Perl huidai kabla hata ya kusoma swali. Sikuiweka. Nilijiambia mistari kumi na mmoja haihitaji sherehe. Ningeiweka, Perl ingelalamika kwamba thamani isiyokuwepo imetumika kwenye kujumlisha, na ingetaja mstari wa skripti pamoja na mstari wa faili uliosababisha. Binti angemwona Ng'wandu siku ileile.

Hapo wanaodai mistari miwili ile wanashangilia, na wanastahili. Lakini wasishangilie sana. Irudishe skripti ya mwanzo, ile iliyotoa 1,163, uiwekee `use warnings` juu: hautapata onyo lolote kuhusu kiasi. Kipande cha tatu kilikuwa 1, na 1 ni namba halali kabisa. Perl haina cha kulalamikia. Jibu wanalolitoa kwa mazoea, "weka strict na warnings kisha urudi", lingemrudisha binti na 1,163 ileile na jioni moja pungufu.

Jibu lao la pili la mazoea ni "usikate CSV kwa mkono, tumia Text::CSV." CSV ni faili la namna hii, lenye vipande vinavyotenganishwa kwa mikato, na Text::CSV ni moduli ya kulisoma. Ni jibu zuri, na msimamizi aliporudi ndiyo tuliyosakinisha. Inamsoma Ng'wandu bila wasiwasi. Lakini inakukabidhi kiasi kama kilivyoandikwa, 1,500.00, na Perl ikitakiwa kuyageuza maandishi hayo kuwa namba husoma mpaka inapokutana na kisichoeleweka, yaani mkato, kisha husimama. Unapata 1. Tumetumia moduli sahihi na tumerudi palepale pa kosa la kwanza! Tofauti ni kwamba safari hii `use warnings` inaona: `Argument "1,500.00" isn't numeric`. Kilichotufikisha mwisho ni vitu vitatu kwa pamoja: moduli, maonyo, na kuondoa mkato:

`(my $kiasi = $r->[2]) =~ tr/,//d;`
`$jumla += $kiasi;`

Mstari huo wa `tr` hauandikwi na mtu ambaye hajaliona faili.

Ndiyo sababu siku hizi nauona ubishi wa mstari na nyaraka kuwa umekaa mahali pasipo pake. Mtoa mstari na mtuma-nyaraka wana kosa moja la pamoja: wote wawili hujibu swali walilolisikia. "Jumla haiji sawa" linasikika kama swali la hesabu. "Nitumieje split" linasikika kama swali la `split`. Tatizo lilikuwa kwenye data muda wote, na hakuna nyaraka duniani inayojua kwamba faili la chama fulani lina mikato ndani ya kiasi na Wasukuma ndani ya majina. Kwa hiyo mimi, nikiulizwa, sasa naomba mistari mitatu ya faili kabla ya kitu kingine chochote, majina na namba za simu zikiwa zimebadilishwa. Na kabla sijatoa mstari wa kurekebisha natoa mmoja wa kuchungulia:

`print "[$_]\n" for @vipande;`

Unachapisha kila kipande ndani ya mabano, macho yanafanya kazi iliyobaki. Angefanya hivyo mwanzoni, angeona `[1]` na `[500.00]` zimekaa moja chini ya nyingine, na hakuna aliyesomea uhasibu ambaye angehitaji kuelezwa zaidi.

Je, mstari wa kurekebisha nampa? Nampa. Hapo nimeegemea upande na sijifichi. Ripoti ya jioni ni deni halisi, na kumnyima mtu mstari ninaoujua ili nimfundishe adabu ya kusoma ni kumtoza ada asiyoiomba. Lakini nampa pamoja na maonyo yakiwa yamewashwa, hata kwa skripti ya mistari mitano, maana mimi sitakuwepo siku data itakapobadilika. Kwenye Perl mpya kazi hiyo imepungua: tangu toleo la 5.36 la mwaka 2022, kuandika `use v5.36;` kunawasha strict na warnings kwa pamoja. Seva nyingi za ofisi, hata hivyo, zina Perl ya zamani kuliko hiyo, basi tuendelee na mistari miwili.

Wengi siku hizi hawamuulizi binadamu kabisa, wanaiuliza programu ya akili bandia. Sina ugomvi nayo. Haichoki, haigombezi, na inaeleza kwa Kiswahili, jambo ambalo `perldoc` haikuwahi kulifanya. Ila nayo ukiiuliza kuhusu `split` itakujibu kuhusu `split`. Ukiibandikia mistari mitatu ya faili, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Yule binti alinitafuta tena baada ya kama miezi miwili. Safari hii ni orodha ya namba za uanachama iliyohifadhiwa kwenye Windows. Skripti yake, aliyoiandika mwenyewe, ilikuwa inalinganisha kila namba kwa `eq` na hakuna hata moja iliyokubali kulingana, ingawa kwa macho zinafanana. `chomp`, amri ya kuondoa alama ya kushusha mstari, alikuwa ameshaiweka. Hakuniambia kwamba haifanyi kazi. Alituma picha ya skrini yenye kitu kama hiki:

`]M-0417`

na chini yake ameandika: "Kaka, bano la kufunga limeruka likakaa mwanzo, limelifunika la kufungua. Mwisho wa namba kuna nini ambacho hakionekani?"

Kulikuwa na `\r`, herufi ambayo Windows huiweka kabla ya kushusha mstari, ambayo `chomp` haiigusi, na ambayo kwenye terminali hurudisha uandishi mwanzo wa mstari. Nilimtumia `s/\R\z//`, inayofuta mwisho wa mstari wa aina yoyote, akaiweka mahali pa `chomp`.