Fyuzi ya Mbele Haitoshi

"Boss, fyuzi ya mbele inatosha. Ya nyuma ni kukupotezea pesa tu." Nimeyasikia maneno haya juzi Kirinyaga Road, fundi akimwambia kijana aliyeleta gari liongezwe betri ya pili kwenye buti kwa ajili ya muziki. Kijana akakubali. Niliposema neno nikaambiwa niwaache watu wafanye kazi. Kiti cha mtoto kilikuwa kimefungwa nyuma, pembeni kabisa mwa njia ya waya unaounganisha betri ya mbele na ya nyuma, na tangu siku hiyo sijatulia.

Sina ugomvi na muziki. Napenda nganya, matatu yenye muziki mzito, inayokuja ukiisikia kifuani kabla hujaiona. Ugomvi wangu ni na uongo huu unaorudiwa gereji baada ya gereji.

Kazi ya fyuzi hii ni kulinda waya: umeme ukizidi, inakatika. Amplifaya ina fyuzi zake. Ndiyo maana fyuzi ya waya mkubwa hukaa karibu na kichwa cha betri, sentimita 45 hivi na isizidi hapo. Sasa fuateni waya wa chanya kutoka boneti hadi buti. Unapenya bati la injini, unapita chini ya kapeti, kando ya kizingiti cha mlango, karibu na bolti za viti. Kila tuta na kila shimo la Jogoo Road linausugua. Siku plastiki itakapoisha na shaba kugusa bodi, fyuzi ya mbele itakatika, na betri ya mbele itakuwa imejitoa. Betri ya nyuma je? Hiyo bado imeushika waya uleule kwa upande wake, na hakuna kitu chochote kati yake na shoti.

Nyumba yenye matangi mawili kwenye bomba moja ni hivyo hivyo: bomba likipasuka katikati, ukifunga koki ya tangi moja, la pili linaendelea kumwaga. Betri mbili zikishika waya mmoja, umeme unaingia kutoka pande zote mbili, kwa hiyo fyuzi ni mbili, kila moja karibu na betri yake. Betri tatu, fyuzi tatu.

Na msidhani kuzima gari kutasaidia. Waya huo haupiti kwenye swichi ya ufunguo. Betri iliyoandikwa CCA 600 (kipimo cha nguvu ya kuwasha gari kwenye baridi) imepimwa ikitoa ampea 600 kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Katika joto la Nairobi, kwenye shoti kamili, inaweza kuvuka ampea 1,000. Waya unawaka wekundu chini ya kapeti, na kapeti inashika moto. Dereva amekaa juu yake.

Ukubwa wa fyuzi pia unafuata waya, si wati zilizoandikwa kwenye boksi la amplifaya. Waya wa shaba wa milimita 50 za mraba unabeba fyuzi ya ampea 250 hadi 300. Ukiiweka fyuzi hiyo kwenye waya wa milimita 20 za mraba, waya utaungua kwanza, fyuzi ikiwa nzima. Na ule waya wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, kwa hiyo fyuzi yake lazima iwe ndogo zaidi.

Nakubali, fyuzi kubwa na kasha lake si bei ya mchezo, na zipo feki zinazoyeyuka kabla ya kukatika. Nakubali pia kwamba betri mbili zilizokaa bega kwa bega chini ya boneti, zimeungwa kwa kipande kifupi cha waya, hatari yake ni ndogo. Lakini gari la kijana yule halikuwa hivyo.

Mengine kwa haraka. Betri ziwe za aina moja na umri mmoja. Weka rilei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, ya kuzitenganisha gari likizimwa, usije ukakosa nguvu ya kuwasha asubuhi. Betri ya maji isikae ndani na abiria bila boksi lenye bomba la kutoa hewa nje, kwa sababu ikichaji inatoa haidrojeni. Waya wa hasi uwe mnene sawa na wa chanya.

Wenye mabasi ya volti 24 nao, acheni kuchota volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili za volti 12 zilizoungwa kwa kufuatana. Hiyo moja haijai kamwe, mwenzake inachajiwa kupita kiasi, zote zinakufa mapema. Nunueni kigeuzi cha kushusha 24 hadi 12.

Na kabla hujamlipa fundi, mwambie afungue buti akuonyeshe fyuzi ya betri ya nyuma kwa kidole. Akikuelekeza kwenye boneti, mwambie aichomoe hiyo betri hapo hapo, na usiondoke kabla hajaichomoa.