Baridi nayo huwazuia sato kutaga

Mwandishi wa makala moja kuhusu ufugaji wa samaki ameeleza kwamba uhaba wa vifaranga vya sato katika Nyanda za Juu Kusini, hasa mwezi Juni na Julai, unatokana na chakula duni. Chakula kina sehemu yake, lakini naomba tusiisahau baridi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 22 za Selsiasi, ubongo wa samaki hupunguza kuichochea tezi ya pituitari (tezi ndogo iliyo chini ya ubongo), homoni zinazopevusha mayai hushuka, na ini nalo hutengeneza protini kidogo ya kiini cha yai, hivyo jike aliyeshiba vizuri anaweza kukaa wiki nyingi bila kutaga. Jike la sato hulea mayai yake mdomoni, nami nimewahi kufungua vinywa vya majike mmoja baada ya mwingine, asubuhi ya baridi kali bwawani kwetu, nikavikuta vitupu. Maji yalipofika nyuzi 27, mayai ya manjano yalionekana tena vinywani. Mwanga pia una kazi yake, kwa kuwa gizani tezi ya pineali, iliyo kichwani, hutoa homoni ya melatonini inayoujulisha mwili urefu wa usiku, ingawa kwa sato, samaki wa nchi za joto, naamini halijoto ndiyo yenye uzito zaidi. Kabla ya kubadilisha chakula, mfugaji apime kwanza joto la maji alfajiri na alasiri.