Kitabu cha ushuru hakihesabu samaki

Ukiulizia samaki katika soko la Majengo hapa Dodoma, mara nyingi utaambiwa ni wa Mwanza au wa bwawa la Mtera. Wa Mwanza wana wasemaji wengi. Huyu wa Mtera, perege au kambale aliyevuliwa mlangoni kwetu, ndiye ninayemwonea wasiwasi, maana sidhani kama kuna ajuaye kwa hakika wenzake wangapi wametolewa majini siku hiyo.

Mtu akigusia takwimu za uvuvi, lawama humwendea mvuvi: hana elimu, mjanja, hapendi kuandikishwa. Mimi naona tatizo liko kwingine. Daftari la takwimu na kitabu cha ushuru vikishikwa na mkono mmoja, hesabu haiwezi kuwa ya kweli. Mzee mmoja niliyemkuta mwaloni Mtera, pale mitumbwi inaposhushia samaki, alinieleza hilo bila kupepesa macho: "Mwanangu, nikitaja ndoo tano nalipia tano, nikitaja mbili nalipia mbili. Wewe ungetaja ngapi?"

Na hizo ndoo zenyewe! Pale mwaloni perege, kambale na vitoto vya samaki vilimiminwa pamoja, karani akaandika "samaki", akafunga daftari. Mzani ulikuwepo, umening'inia mtini, ila haukuguswa. Waliouzwa majini kwa mchuuzi kabla mtumbwi haujafika hawakuingia humo. Wala mboga ya nyumbani, wala samaki waliogawiwa vibarua kama ujira. Anayetumia kokoro au timba, nyavu zilizopigwa marufuku, ndiyo kabisa, huyo hushusha mzigo usiku mahali pasipo karani.

Hata uzito ungekuwa sahihi, peke yake hausemi kitu. Kilo 100 za mitumbwi 5 na kilo 100 za mitumbwi 20 ni habari mbili tofauti. Ya pili ni habari ya msiba. Ndiyo maana lazima iandikwe pia nyavu ngapi zilitegwa, za inchi ngapi, zikakaa majini muda gani. Kwa Mtera ningeongeza kina cha maji. Lile bwawa lilijengwa kwa ajili ya umeme, maji yake hupanda na kushuka. Yakishuka samaki hubanana, nyavu zinajaa, na asiyejua atashangilia mwaka mzuri wa uvuvi.

Kanada ilishangilia hivyo hivyo. Katika bahari ya Newfoundland wataalamu walitegemea sana viwango vya mavuno vya meli za biashara, wakaona haviporomoki, wakaamini chewa wa kule (cod) bado wamejaa. Kumbe meli zilikuwa na mitambo ya kuyafuata makundi machache yaliyosalia, na samaki wadogo waliotupwa baharini hawakuandikwa. Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi ule, na watu wapatao 30,000 wakabaki bila kazi.

Kisa kingine ni cha China, nacho kinanifurahisha kwa ubaya wake. Mwaka 2001 watafiti Reg Watson na Daniel Pauly walionyesha kwamba nchi hiyo ilikuwa ikiripoti samaki wengi kuliko waliovuliwa, kwa kuwa maofisa walipandishwa vyeo kadiri uzalishaji ulivyoongezeka kwenye karatasi. Namba hizo zikaingia katika jumla ya dunia, ikaonekana mavuno ya baharini yanapanda ilhali yalikuwa yakishuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kule cheo kilipandisha namba, kwetu ushuru unaishusha. Hakuna upande uliomuuliza samaki.

Sasa tufanyeje? Anayehesabu samaki na anayetoza ushuru watenganishwe. Vikundi vya BMU, yaani vya wanajamii wanaosimamia uvuvi mwaloni, vipewe mzani na fomu, wapime mitumbwi michache siku zilizopangwa, aina kwa aina, na majina ya wavuvi yasipelekwe kwa mtoza ushuru. Si lazima kila samaki ahesabiwe. Sampuli iliyochukuliwa kwa uaminifu inatosha. Halmashauri zitalalamika kwamba zitapoteza mapato. Sawa, zitoze mtumbwi ada moja kwa mwaka, uwe umerudi na ndoo mbili au kumi, ili mvuvi asiwe na sababu ya kudanganya. Matokeo yabandikwe palepale mwaloni kila mwezi. Mtu akiona kwa macho yake kwamba perege wanazidi kuwa wadogo, hahitaji semina ya kuelezwa ubaya wa timba.

Fomu nayo iwe moja pande zote mbili za bwawa. Mtera iko mpakani mwa Dodoma na Iringa, na mtumbwi uliotoka Migoli alfajiri unaweza kushusha samaki upande wa Mpwapwa bila hata kujua umevuka mkoa.